"Habari null" kwenye meseji za wateja: tatizo liko wapi

Ndugu, umesema mfumo wako wa kuwaarifu wateja kwamba mzigo umetoka Kilindini unatuma "Habari null", ilhali umeweka `if (jina != "")`. Kasoro iko hapo hapo. Kwa stringi (maandishi) za Java, `!=` haitazami herufi, inatazama kama ni kitu kilekile kwenye kumbukumbu. Ukijaribu kwa `""` uliyoiandika ndani ya msimbo, inaonekana sawa, kwa sababu Java hutunza nakala moja tu ya maandishi ya namna hiyo. Stringi tupu inayotoka kwenye fomu ni kitu kingine, basi inapita. `null` (yaani hakuna thamani kabisa) nayo inapita, kisha `"Habari " + jina` inaigeuza kuwa herufi nne.

Andika `if (jina != null && !jina.isBlank())`. Mpangilio huo usiugeuze: ukitanguliza `isBlank()` na jina ni `null`, utapata hitilafu ya NullPointerException. Wala usiweke `&` moja, maana hiyo hukagua pande zote mbili hata wa kwanza ukishakataa. `isBlank()` ilikuja na Java 11. Ukiwa bado Java 8, tumia `jina.trim().isEmpty()`.

Ila ukaguzi huu usiutawanye kwenye kila darasa, utasahau mahali pamoja tu, na meseji itaharibika tena. Safisha mlangoni, data inapoingia:

```
static String safisha(String s) {
    if (s == null) return null;
    s = s.replace('\u00A0', ' ').strip();
    return s.isEmpty() ? null : s;
}
```

`\u00A0` ni nafasi isiyokatika, huja sana watu wanaponakili majina kutoka kurasa za wavuti. Kwa macho huitofautishi na nafasi ya kawaida, lakini `trim()`, `strip()` na `isBlank()` zote haziitambui.

Narudisha `null` badala ya `""` kwa sababu ya databesi. Safu ya baruapepe ikiwa UNIQUE (hairuhusu thamani kujirudia), mteja wa pili wa Kongowea asiye na baruapepe atakataliwa, kwani `""` imeshatumika. NULL, PostgreSQL na MySQL huzikubali hata zikiwa nyingi. Oracle yenyewe huigeuza `''` kuwa NULL kwenye safu za maandishi za VARCHAR2.

Na lile faili lako la CSV (data iliyotenganishwa kwa koma): `"Asha,Likoni,,".split(",")` inatoa vipande 2, tupu za mwisho zinatupwa, ndiyo maana `sehemu[2]` (kipande cha tatu) inaangusha programu. Andika `split(",", -1)`, upate vyote 4.