Maswali ya Wasomaji: Faili lipo, keneli yasema halipo

Swali: Programu yangu ya C kwenye Linux inasoma jina la faili kutoka kwenye kibodi kwa read, kisha inalifungua kwa open. Faili lipo, ls inalionyesha, lakini open inarudisha -1 na errno ni ENOENT (hakuna faili la jina hilo). Nikiliandika jina hilohilo ndani ya programu, linafunguka. Bafa ni char jina[256]. Nimekosea wapi?

Jibu: Makosa ni mawili, na yote yametokana na kudhani kwamba read na open zina maana moja ya stringi. Hazina. read hupewa idadi ya baiti, inamwaga kilichokuja ndani ya bafa, basi. Haiweki baiti ya sifuri mwishoni, ile inayoonyesha stringi ya C imeishia wapi. open haipewi urefu wowote: keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inasoma kuanzia pale pointa inapoelekeza mpaka ikutane na sifuri.

Ukiandika orodha.txt na kubonyeza Enter, read inarudisha 11, si 10: herufi na nukta ni 10, na ya 11 ni \n ya Enter. Kuanzia jina[11] kuna takataka zilizoachwa kwenye staki na fanksheni zilizotangulia. Wengi hukimbilia kusafisha bafa kwa memset, na open inaendelea kukataa. Takataka zimeondoka, lakini \n ingalipo, na kwa kuwa Linux inaruhusu \n ndani ya jina la faili, keneli inatafuta faili jingine kabisa. Endesha programu kwa strace -e trace=openat (strace huonyesha maombi ambayo programu inapeleka kwa keneli; open ya glibc, maktaba ya C ya Linux, hupitia openat) uone kwa macho yako:

openat(AT_FDCWD, "orodha.txt\n", O_RDONLY) = -1 ENOENT

Marekebisho ni haya:

```
ssize_t n = read(0, jina, sizeof jina - 1);
if (n <= 0) return 1;
jina[n] = '\0';
char *m = memchr(jina, '\n', n);
if (m) *m = '\0';
```

Ile -1 ndani ya read ndiyo inayoacha nafasi ya sifuri. Ukiisahau, na baiti 256 zikaja zote, jina[n] inaandika nje ya bafa. Tumetumia memchr badala ya kutazama baiti ya mwisho tu, kwa sababu data ikitoka kwenye paipu, read moja inaweza kubeba mistari kadhaa. Tena, baiti 256 zinatosha jina la faili moja, ambalo kwa kawaida halizidi baiti 255, lakini hazitoshi njia nzima. Kikomo cha njia kwenye Linux ni 4096, sifuri ikiwemo. Ipe bafa ukubwa huo.

Jihadhari pia na readlink, inayosoma njia iliyomo ndani ya kiungo (symlink). Nayo haiweki sifuri, na bafa ikiwa ndogo inakata jina kimyakimya. Ikirudisha idadi ileile uliyoipa, chukulia kwamba jina limekatwa, ongeza bafa, urudie.

Swali: Nina fanksheni void sema(const char *s) yenye mstari write(1, s, sizeof s). Nikiiita kwa "Karibuni nyote\n" inachapa "Karibuni" tu. Je, write hukomea kwenye nafasi kati ya maneno?

Jibu: Hapana, imesadifu tu kwamba "Karibuni" ina herufi 8. Ndani ya fanksheni, s ni pointa, na sizeof s ni ukubwa wa pointa yenyewe: baiti 8 kwenye mashine ya biti 64. Kwenye mfumo wa biti 32 ungepata "Kari". Tumia strlen(s), ambayo hapa ni 15. Usijaribu sizeof ya stringi yenyewe ukidhani utapona: sizeof "Karibuni nyote\n" ni 16, kwa kuwa inahesabu na sifuri ya mwisho, na write itaituma hiyo sifuri bila kuuliza. Kwenye skrini huioni; ndani ya faili itakusumbua.

Pia angalia jibu la write. Inaweza kuandika pungufu ya ulichoomba, hasa kwenye paipu na soketi, kwa hiyo izungushe: songeza pointa mbele kwa idadi iliyorudishwa, punguza kilichobaki, na ikirudi -1 huku errno ikiwa EINTR (mwito umekatizwa na ishara), jaribu tena.

Swali: Naandika draiva ya Windows. Nimejaza mwenyewe UNICODE_STRING (muundo wa Windows unaobeba stringi pamoja na urefu wake), Length nikaipa wcslen(jina), lakini jina linatokea nusu.

Jibu: Length huhesabiwa kwa baiti, na wcslen inahesabu vipande vya UTF-16 vyenye baiti 2 kila kimoja. Jina la herufi 6 linataka Length ya 12, na MaximumLength ya 14 ukihesabu sifuri ya mwisho. Kwa stringi inayoishia na sifuri, mwachie kazi hiyo RtlInitUnicodeString, ila kumbuka kwamba hainakili herufi. Buffer inaelekeza palepale kwenye stringi yako, hivyo usiiachilie kumbukumbu hiyo mapema. Wakati wa kuchapa kwa DbgPrint tumia %wZ na uipe anwani ya UNICODE_STRING. Kutumia %ws juu ya Buffer ni hatari, maana hakuna ahadi kwamba mwishoni pana sifuri.