Eleveta inarukaruka hata rimoti ikiwa 35, nishushe mpaka ngapi?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Moshi, nina ndege ya rimoti ya foamu, bawa mita 1.2, sevo (vimota vidogo vinavyosogeza vibao vya ndege) za gramu 9. Nikigusa stiki kidogo tu inapanda ghafla, nikirudisha inachungulia chini. Mwendo wa eleveta (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) nimeshusha kwenye rimoti mpaka asilimia 35 bado ileile, na nikirudisha 100 sevo inalia tu. Waya upo tundu la nje kabisa kwenye mkono wa sevo, milimita 14 toka katikati, na kwenye pembe ya eleveta (kipande kilichosimama juu yake kinachoshika waya) upo tundu la karibu na bawaba, milimita 8. Eleveta yenyewe ina upana milimita 35. Nishushe mpaka ngapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usishushe tena, rudisha 100 halafu chukua koleo, shida yako ipo kwenye matundu, rimoti unaionea bure.

Angalia, sevo ikizunguka digrii 45 na waya upo milimita 14, waya unasogea karibu milimita 10, sasa pembe yako ina milimita 8 tu, hiyo safari waya utaimaliza wapi? Ndo maana inalia, inasukuma ukuta, na ukiiacha hivyo itaungua siku moja uko hewani. Na hiyo 35 yako bado inasogeza eleveta milimita 16 hivi kila upande, ambayo kwa anayejifunza ni nyingi mno. Afu kuna kitu wengi hawakijui, ukibana kwenye rimoti sevo inatumia kipande kidogo tu cha mzunguko wake, nguvu inapungua kwenye eleveta, na ule ulegevu wa gia za ndani (sevo za gramu 9 zote zinao) unafika kwenye mkia ukiwa umekuzwa. Kwahiyo hata ukiwa hujagusa stiki eleveta haikai sehemu moja.

Fanya hivi. Toa propela kwanza, nasema toa, mi nna kovu kidoleni. Trimu zote (vile vibonye vya kurekebisha kidogo kwenye rimoti) sifuri, washa, mkono wa sevo ukae digrii 90 na waya, ukigoma chomoa uuzungushe jino moja, kinachobaki ndo umalizie kidogo na sabutrimu, yaani ile menyu ya rimoti ya kusogeza katikati ya sevo. Waya uingize ndani kwenye mkono wa sevo, tundu la milimita 7 hivi, na kwenye pembe upeleke nje, milimita 14. Kumbuka utabidi urekebishe urefu wa waya tena maana eleveta itakuwa imepinda. Sasa hapo kwa 100 utapata kama milimita 12 juu na 12 chini, sevo inazunguka yote, nguvu ipo, na ulegevu umepungua mara tatu na nusu ukilinganisha na ulivyokuwa. Pima kwa rula nyuma kabisa mwa eleveta, sehemu iliyo pana, usikadirie kwa macho. Kama kijitabu cha ndege kinasema namba nyingine fuata kijitabu.

Ukishafika hapo ndo rimoti ina kazi: swichi moja iwe 100, nyingine 70 ambayo itakupa milimita 9, na ekspo asilimia 30 ili katikati ya stiki pawe pole. Hapa angalia sana, kwenye rimoti za Futaba ekspo ya kupoza ni hasi, za Spektrum ni chanya. Nilibadilisha rimoti nikaandika namba ileile ya zamani bila kufikiri, ndege ikawa kali mara mbili, sekunde nne ikawa shambani kwa watu, na mwenye mahindi hakucheka.

Ila hujaniambia betri umeiweka wapi, na nahisi ipo nyuma kwasababu "inachungulia chini" na kupanda ghafla ni tabia ya mkia mzito, hiyo hakuna milimita itakayoiponya. Ukiwa na betri ndani shikilia bawa kwa vidole viwili, kama upana wa bawa ni milimita 200 ikae sawa ukishika milimita 50 mpaka 60 toka ukingo wa mbele. Mkia ukishuka sogeza betri mbele.

Ukija kurushia huku Arusha, tuko kama mita 1,400, hewa nyepesi kuliko ya kwenu, ndege inatua mbio zaidi, kwahiyo wakati wa kutua swichi iache kwenye 100 usije ukakosa eleveta ya kuinua pua mwishoni. Na Kisongo usithubutu, uwanja wa ndege uko palepale, KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) nayo hivyohivyo, kaa mbali kabisa.

Ukimaliza niandikie umepata milimita ngapi juu na ngapi chini, zikipishana zaidi ya moja basi mkono wa sevo bado haujakaa 90.