Usikimbilie kuwapa nyuki antibiotiki

Julai mwaka jana, baridi ikiwa kali, mzinga wangu mmoja hapa Lang'ata ulizorota. Nyuki walitoka wachache, na majana (watoto wa nyuki) yalikuwa na mapengo kwenye sega. Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikauziwa poda ya tetrasaiklini, antibiotiki ya kuku, na kuambiwa niikoroge kwenye maji ya sukari. Muuzaji hakuuliza wanaumwa nini, wala mimi sikujiuliza. Kabla ya mvua za vuli waliosalia walihama.

Siwezi kuapa kwamba ni dawa iliyowamaliza. Ila niliyosoma baadaye yaliniuma sana.

Nyuki kibarua anapotoboa kifuniko cha chumba chake na kutoka, tumboni karibu hana bakteria. Huwapata siku chache za kwanza, akigusana na dada zake wakubwa na kutembea juu ya masega. Makundi makuu ya bakteria hao ni matano tu hivi, na kila moja lina kazi. Snodgrassella hutanda kwenye ukuta wa utumbo. Gilliamella huvunja pektini, sehemu ngumu ya ganda la chavua, ambayo nyuki mwenyewe haiwezi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliwalisha nyuki tetrasaiklini: bakteria hao walipungua sana, na nyuki waliorudishwa mzingani walikufa wengi kuliko wenzao ambao hawakupewa. Yaani dawa niliyodhani inawakinga huenda iliwavua kinga.

Kwa hiyo, ndugu mfugaji, jua ugonjwa kwanza. Hapa Nairobi tuna bahati: icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kule Kasarani, wana maabara ya afya ya nyuki, nenda ukaulize. Ukivuna, waachie asali na chavua ya kutosha. Zungumza na majirani pia kuhusu dawa za magugu, maana glaifoseti, mojawapo ya dawa hizo, nayo imeonekana kuvuruga bakteria hao hao.

Na unapogawa mzinga, tafadhali, usihamishe masega ya majana bila nyuki juu yake. Hamisha pamoja na nyuki walezi waliong'ang'ania juu yake, kwa kuwa ndio watakaowaambukiza wadogo bakteria hao wema. Aprili hii nimeujaza tena ule mzinga kwa fremu tatu kutoka kundi langu lenye nguvu, walezi wakiwa juu. Sijatia dawa yoyote. Jana asubuhi walikuwa wakirudi na chavua ya manjano miguuni.