Maswali ya Wasomaji: Bana ya Gesi na Tundu la Nozeli

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nina tanuri la mikate huku Tabata ambalo hutumia gesi ya mitungi, na sasa ninahamia katika jengo lenye bomba la gesi asilia. Fundi wangu anasema hakuna haja ya kununua chochote, atalipanua kwa drili tundu la nozeli, yaani kidomo kinachotolea gesi, na kazi itaendelea. Muuzaji wa vifaa naye anasisitiza ninunue bana (kichomeo cha gesi) yenye feni. Nimsikilize nani?

JIBU: Fundi wako ameuona ukweli nusu, kisha akaupoteza kwenye drili. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, ilhali gesi asilia iliyoanza kufika Dar es Salaam kutoka Songo Songo mwaka 2004, na baadaye kutoka Mtwara, karibu yote ni methani. Mita moja ya ujazo ya propani hutoa joto mara mbili na nusu hivi ya lile la methani. Hata hivyo methani ni nyepesi na hupita tunduni kwa kasi zaidi, kwa hiyo pengo hupungua kidogo. Lakini ukiiacha nozeli ileile na presha ileile, utabaki na theluthi mbili za joto lako la zamani au chini ya hapo, na mikate itatoka imepauka. Kwa hiyo ni kweli kwamba tundu lazima liwe kubwa zaidi.

Tatizo ni namna ya kulipata tundu hilo. Ichukue nozeli yako uitazame kwa karibu: ni kipande cha shaba nyeupe kisichozidi ncha ya kidole, na mara nyingi ubavuni kimegongwa namba, kwa mfano 180, yaani tundu lenye kipenyo cha milimita 1.80. Drili ya mkononi huacha kingo zenye mikwaruzo na tundu lililopinda, na kwenye bana isiyo na feni upindo huo si jambo dogo, kwa sababu gesi inayochomoka kwa kasi ndiyo yenyewe inayovuta hewa kupitia madirisha ya shingoni mwa bana. Gesi ikienda upande, hewa haivutwi ipasavyo, na moto uliokosa hewa hutoa masizi pamoja na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlegeza mtu kabla hajajua kinachomsibu. Agiza nozeli ya gesi asilia iliyotengenezwa kwa ajili ya bana yako, ubadilishe na regulata (kifaa kinachodhibiti presha ya gesi), kisha madirisha ya hewa yarekebishwe upya moto ukiwa unawaka.

Ama bana ya feni, hiyo husukuma hewa kwa nguvu ya umeme na hufaa pale moto unapolazimika kupenya kwenye njia ndefu na nyembamba, kama mabomba ya boila (mtambo wa kuchemshia maji) au tanuri lililofungwa ambalo moshi wake haugusi mkate. Ikiwa tanuri lako lina mwali ulio wazi chini ya sakafu ya kuokea, sioni sababu ya kuinunua. Umeme ukikatika saa kumi alfajiri, na mikate yako itakatika nao. Viwanda vikubwa vya biskuti hutumia aina nyingine tena, bomba refu lenye safu ya vitundu, linalolazwa kwa upana wa tanuri ili joto liwe sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Wanaokausha rangi au nguo hutumia vigae vya udongo vyenye vitundu vidogo sana, ambavyo huwaka vyekundu na kupeleka joto kwa mnururisho, kama jua lifanyavyo, bila mwali mrefu. Kwenye kiwanda cha saruji, kama kile cha Wazo Hill, bana ni bomba refu linaloingizwa kwenye mdomo wa tanuri linalozunguka, ambamo mawe hupashwa hadi kufikia nyuzi 1,450 hivi.

SWALI: Bana ya boila yetu hapa Chang'ombe hunguruma, huwaka sekunde chache, kisha hujizima na taa nyekundu huwaka. Tukibonyeza kitufe mara nne au tano hukubali. Je, kitufe kimechoka? (Mwendesha boila)

JIBU: Kitufe hakina kosa, na tafadhali acheni kukibonyeza hivyo. Feni hutangulia kufukuza gesi iliyobaki ndani, kisha cheche hupigwa, vali hufunguka, na jicho la bana husubiri kuuona mwali. Lisipouona, hufunga gesi. Kila mnapobonyeza mnaongeza gesi nyingine, na ikiwa ile ya kwanza haikuungua wala haikufukuzwa vizuri, cheche inayofuata inaweza kuilipua. Bana ikijizima mara ya pili, iacheni, aitwe fundi. Kwa kuwa yenu huwaka kwanza, aanze na jicho lenyewe, kwani likishika vumbi au masizi huwa kipofu mbele ya moto mzuri. Na asithubutu mtu kuliunganishia waya wa kulidanganya.

SWALI: Tuko Kunduchi, karibu na bahari. Mwali wa bana yetu ni wa bluu lakini hurusha cheche za rangi ya chungwa. Ni hatari? (Msomaji)

JIBU: Si lazima. Chumvi inayoletwa na upepo wa baharini ina sodiamu, ambayo ikipashwa na moto hutoa rangi hiyohiyo, na hata fundi wa mikate akipepeta unga uliotiwa chumvi karibu na moto ataiona. Cha kuogopa ni mwali mzima kuwa wa njano, mlegevu, wenye ncha inayoyumba. Zimeni bana, iacheni ipoe kabisa, kisha mpitishe kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa bomba la moshi: kikitoka cheusi, hewa haitoshi.