Skana haiwaki kwenye pikapu? Pima athi kabla hujanunua kontroli boksi

Ndugu, umesema Hilux yako inawaka na kutembea vizuri, ila taa ya injini haizimiki, skana (kile kifaa cha kusoma makosa ya injini) ikichomekwa haiwaki kabisa, na fundi kakwambia kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa. Usitoe hela bado. Mimi nilibakiza kidogo niitoe.

Si fundi umeme mimi. Nabeba simsim na karanga kati ya Koboko na Arua, huku Uganda, kwa Hilux ya dizeli, ile ya injini ya 2KD, na ujuzi wangu wa umeme wa gari ulikuwa unaishia kwenye kubadilisha fyuzi. Siku moja taa ya injini ikawaka. Kijana mmoja hapa Arua akachomeka skana yake: giza. Akaitikisa, ikawaka sekunde mbili, ikazima. "Mzee, kompyuta imekufa. Leta milioni moja na nusu, naagiza Kampala, kesho kutwa iko hapa na basi." Nikamuuliza, kama imekufa, injini inaunguruma kwa amri ya nani? Akakumbuka kwamba hajanywa chai.

Na wewe anzia hapohapo. Kwenye dizeli hizi za komoni reli, zinazonyunyiza mafuta kwa amri ya umeme, nozeli hainyunyizi mafuta mpaka kompyuta iamuru. Gari likiwaka, kompyuta iko hai. Inaweza kweli kuungua kipande cha mawasiliano peke yake, sikatai, lakini skana isiyowaka haijafika hata kwenye salamu. Imekosa chakula, na chakula chake kinatoka kwenye soketi inapochomekwa.

Soketi ina matundu 16. Piga magoti uchungulie chini ya dashibodi. Ukiitazama upande mpana ukiwa juu, safu ya juu ni namba 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini ni 9 hadi 16. (Kama imefungwa kichwa chini, geuza na hesabu yako. Mimi nilipoteza nusu saa nikipima tundu lisilo na waya.) Namba 16 ni moto wa betri (chanya), unatakiwa uwepo hata swichi ikiwa imezimwa. Namba 4 ni athi ya bodi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari. Namba 5 ni athi ya mawasiliano.

Fyuzi kwanza. Kwangu imeandikwa OBD, ampea 7.5, nayo ilikuwa nzima. Yako ikiwa imeungua, weka mpya ya ampea zilezile. Nayo ikiungua, acha kununua fyuzi, utafute waya uliochubuka na kugusa bodi.

Kisha nikachukua mita ya kupimia umeme, ncha moja namba 16, nyingine namba 4. Volti 12.3. Hapa ndipo nilipokwama siku mbili, kwa sababu mita inasema umeme upo na skana inasema haupo. Nikampelekea mzee mmoja anayetengeneza umeme wa malori. Hakuigusa hata mita yangu. "Mwanangu, mita hainywi umeme, inaonja tu. Tafuta kinachokunywa." Akatoa balbu ya breki ya wati 21 aliyoichomelea waya mbili, akagusisha 16 na 4. Ikawaka nyekundu kama kipisi cha sigara. Akauacha mguu wa 16 palepale, ule wa 4 akauhamishia kwenye boliti ya mlango, kwenye chuma kitupu. Balbu ikang'aa.

Basi jibu likawa limepatikana bila kompyuta yoyote: moto mzima, athi mgonjwa. Waya ukibakiwa na unyuzi mmoja, au kiungo kikiwa na kutu, bado unapitisha tone la kuridhisha mita. Ukiudai ampea moja na zaidi, waya huo unakata tamaa. Mita peke yake imewauzia watu kontroli boksi nyingi, huo ni msimamo wangu.

Angalizo: balbu ni ya 16 na 4 peke yake. Usiguse 6, 14 wala 7, hizo ni nyaya za mazungumzo na hazijaumbwa kubeba mzigo. Na usisukume ncha nene ya mita ndani ya matundu. Unayapanua, halafu skana inakaa kwa kulegalega na umejitengenezea ugonjwa wa pili.

Tukaufuata waya wa 4 nyuma ya soketi. Sentimita chache tu, tukakuta donge la selotepu. Kumbe aliyefunga kifaa cha kufuatilia gari, kabla sijalinunua, aliukata waya wa athi, akausokota pamoja na wa kwake kwa vidole, akafunga selotepu akaenda zake. Kwa joto letu gundi iliyeyuka, na maji ninayooshea sakafu yakamaliza kazi. Shaba ilikuwa kijani kama jani. Mzee akakata mpaka kwenye shaba safi, akaunga kwa risasi, akavisha mpira wa kusinyaa kwa moto. Kifaa kile akakipa athi yake mbali kabisa, kwenye boliti iliyopigwa msasa. Baada ya hapo, kati ya 4 na bodi mita ilisoma chini ya omu 1, ndivyo inavyotakiwa. Skana ikawaka bila kutikiswa.

Kama yako itawaka lakini ikakataa kuongea na gari, huo ni ugonjwa mwingine. Kwanza ijaribu kwenye gari la mwenzako, maana hizi skana ndogo za ELM327 za bei ya chini nyingine hazijui lugha zote. Kisha angalia gari lako linatumia nyaya zipi. Likiwa na waya namba 7 tu bila 6 na 14, ni mfumo wa zamani wa waya mmoja. Fuata huo, na namba 5 usiisahau. Likiwa na 6 na 14, toa kichwa cha betri, subiri kidogo, pima omu kati yao. Toyota wanataka kati ya 54 na 69, kwa sababu kila mwisho wa laini kuna kizuizi cha omu 120 na viwili hivyo sambamba vinatoa 60. D-Max ya jirani yangu ilisoma 120, maana yake upande mmoja umekatika. Panya walifuata karanga, wakatafuna waya chini ya kapeti. Ukiunga nyaya hizo mbili, zisokote tena pamoja kama zilivyokuwa.

Na ile taa yangu ya injini? Skana ilitoa kodi ya kosa P0113, kihisio cha joto la hewa inayoingia. Plagi yake ilikuwa inaning'inia tangu kijana wa kuosha gari alipofungua kisafisha hewa. Niliirudisha kwa kidole gumba.

Leta vipimo vyako vya balbu, 16 kwa 4 na 16 kwa bodi, tuone.