Mbolea ya mimea ya hewa, kwa wewe unayeanza hapa Mbeya

Wengi wanaoanza na tilandsia, ile mimea ya hewa inayokaa bila udongo, huja na mkono wa shambani. Yurea imebaki kwenye mfuko baada ya kukuzia mahindi, basi mtu anachota kidogo, anakoroga, ananyunyizia. Uache mfuko huo stoo. Shambani yurea hugeuzwa na vijidudu vya udongoni ndipo mahindi yaifaidi vizuri. Huku udongo haupo, na mizizi ya tilandsia kazi yake ni kushika gome tu. Inakula kwa majani, kupitia vigamba vidogo vyeupe vinavyofanya jani lionekane lina vumbi. (Usivifute kwa kitambaa, si uchafu.)

Ukifika duka la pembejeo, ulizia busta, yaani mbolea ya majani, inayoyeyuka yote, kisha geuza kopo usome maandishi madogo. Naitrojeni iwe ya naitreti au amonia, si ya yurea. Halafu tafuta shaba: ikiwa nyingi, rudisha kopo. Tilandsia ni ndugu wa nanasi, na ukoo huo hauivumilii shaba. Kwa hiyo bomba lililopulizia kahawa au nyanya dawa ya kopa (ndiyo shaba hiyohiyo) lisiikaribie, hata ulisuuze vipi. Usiining'inize kwa waya wa umeme uliochunwa pia. Mshipi wa kuvulia samaki unatosha. Maji ya mvua ni mazuri, ila yasiwe ya bati jipya, maana zinki yake nayo ni sumu kwao.

Kipimo ni robo ya kilichoandikwa. Kopo likisema gramu 4 kwa lita, weka gramu 1. Mara moja kwa mwezi inatosha, kuanzia Novemba mpaka Aprili, mmea unapokua. Baridi ya Juni na Julai ikishika, wape maji matupu.

Loweka mmea kwenye maji hayo asubuhi, dakika 20 hivi. Hapa ndipo wengi wanapopoteza mimea, na lawama inaangukia mbolea. Ukiutoa, ugeuze kichwa chini na uukung'ute. Utadhani umekauka, ukung'ute tena, matone yatatoka kwenye mashina ya majani yalikojificha. Uache hivyohivyo, umeinamishwa, mahali penye upepo, uwe mkavu kabla hazijapita saa nne tangu uutoe majini. Siku ya ukungu wa kutwa, kama tunavyoujua Uyole, ahirisha. Jani la katikati likichomoka lenyewe ukilivuta kidogo, na shina jeusi, huo umeoza.

Ncha zikiwa kahawia, huenda umezidisha dozi: loweka kwa maji matupu, ruka mwezi au miwili. Ukiwa mkavu kupita kiasi ncha huwa vilevile, kwa hiyo kumbuka kwanza uliumwagilia lini.

Baada ya kutoa maua, mmea mama hufa polepole huku vichipukizi vikitokea ubavuni. Usiongeze mbolea kuuokoa. Endelea na robo ileile kwa ajili ya vichipukizi, na usivitenganishe kabla havijafika theluthi ya ukubwa wa mama.