"Moot point": bado inabishaniwa au imeshapitwa?
Mwalimu wa Masasi na kijana wa Mikindani wanabishania maana ya "moot point": mmoja anasema ni hoja inayobishaniwa bado, mwingine anasema ni hoja iliyopitwa. Wote wako sahihi, ila kila mmoja ana Kiingereza chake. Kwa Mwingereza ni hoja ambayo bado ina ubishi. Kwa Mmarekani ni hoja isiyo na faida tena kuijadili, mambo yameshaisha. Chukua korosho: salfa ya unga au dawa ya maji, ipi inadhibiti ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) vizuri zaidi? Hiyo ni "moot" ya Uingereza. Kubishania bei ya mnada wakati mzigo umeshauzwa na hela imeshaingia benki, hiyo ya Marekani.

Asili yake ni "gemot" ya Kiingereza cha kale, baraza la watu kukutana na kuamua mashauri. Baadaye wanafunzi wa sheria wa London wakaliita "moot" shauri la mazoezi, na maana ya Kimarekani imetokea huko: ukishinda kesi ya mazoezi hulipwi chochote. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani ililiondoa shauri la mwanafunzi aitwaye DeFunis kwa msingi huo, kwamba halina tena faida kuamuliwa. Alikuwa akidai nafasi ya kusoma sheria, lakini kwa amri ya mahakama ya chini alishaingia chuoni na alikuwa karibu kumaliza.

Litamkwe "muut". Ukichomeka "y" linakuwa "mute", yaani bubu. Kosa hilo hata wenye lugha yao wanalifanya. Kwenye mdahalo wa shule tumia "debatable", jaji hatakuelewa vibaya.